Chumvi ya Tangi la Wageni

Watu wa mtaani humwita Mizani. Anauza samaki wa mapambo katika chumba kimoja chenye matangi ya kioo hadi karibu na dari, na hatii kitu majini bila kukipima. Samaki wapya hukaa kwanza katika tangi la wageni, la lita mia tano. Kila lita ina gramu tatu za chumvi, ili maradhi ya safarini yasienee.

Samaki hao huletwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, anayewazalisha uani kwake. Wametaniana tangu siku ya posa, lakini mwezi huu utani ulikauka. Kila kundi jipya lilizubaa siku mbili tatu, kisha samaki wengi wakaelea tumbo juu. Mizani aliwaambia wateja kwamba bwawa la shemeji lina ugonjwa. Maneno yakamfikia mwenyewe. Akatuma ujumbe: jioni angekuja kuchukua ndoo zake, biashara iishe, na undugu nao upumzike.

Mizani akaamua kutafuta ushahidi. Alichota lita moja ya maji ya tangi, akaichemsha hadi ikakauka.

"Hiyo ni sufuria ya maziwa," alisema mkewe, ambaye tangu asubuhi hakuwa amemsemesha.

"Nataka kumwonyesha kaka yako gramu tatu kwa macho yake."

"Na zisipokuwa tatu?"

"Mimi huyu? Nikosee hesabu?"

Alikwangua unga mweupe, akaupima. Gramu sita. Akasafisha kila kitu, akachemsha lita nyingine. Sita na ushee.

Akakaa kitako sakafuni. Tangi lile lina taa na joto. Kila wiki hupungua lita hamsini. Kila wiki yeye huongeza lita hamsini, alizozikoroga kwa uangalifu na gramu mia na hamsini za chumvi, ili kila lita ipate tatu zake. Hesabu ya ndoo ilikuwa sahihi. Lakini kilichopungua kilikuwa maji peke yake. Mvuke haubebi chumvi. Kwa wiki kumi alikuwa ameongeza kilo moja na nusu juu ya kilo moja na nusu ya mwanzo, katika maji yale yale.

Shemeji alifika amenuna.

"Karibu ukae, shemeji."

"Sikuja kukaa."

"Samaki wako walikuwa wazima. Nimewaua mimi, kwa chumvi."

Shemeji akageukia jikoni. "Dada! Njoo, mumeo ana homa."

"Nimesikia. Mwambie arudie, imenikaa vizuri."

Mizani akarudia.

"Yaani umenitangaza mtaa mzima kwamba nafuga maiti?"

"Nitawapitia wateja mmoja mmoja."

"Anza na fundi cherehani. Yule akijua, wengine utawakuta wanajua."

Walitoa nusu ya maji, kisha wakaacha maji matupu yaingie kwa mpira taratibu, ili samaki waliosalia wasishtuke. Shemeji alisimama karibu, mikono mfukoni.

"Na likipungua tena?"

"Maji tu. Chumvi sigusi."

"Basi Jumamosi nitakuletea wawili," alisema shemeji. "Wale wazee. Hata ukiwaua, sitalia sana."