Marehemu wa Kitanda cha Nne

Kwa miaka kumi na tisa Mama Takwimu alijaza mafaili ya wodi ya saratani ya ini, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ugonjwa wenyewe. Kila faili kwenye kompyuta lilikuwa na kisanduku cha matokeo: amepona, amehamishwa, amefariki. Kwa kuwa hakuwahi kumwona aliyepona, alizoea kuandika "amefariki" siku ileile mgonjwa anapolazwa, ili mwisho wa mwezi asikimbizane na kazi. Tusimwonee: hakuwahi kulazimika kurekebisha.

Jumanne moja, siku ya kwanza kompyuta yake kuunganishwa na za famasia na getini, fundi viatu wa kitanda cha nne akaja dirishani kwake kwa miguu yake mwenyewe, tumbo mbele, macho ya manjano, mkewe nyuma.

"Mama, famasia wamenikatalia dawa. Wanasema marehemu hapewi."

"Basi nenda nyumbani ukapumzike, baba, nikushughulikie."

"Nimejaribu. Mlinzi getini anasema mwili hautoki mpaka bili yote ilipwe."

"Na dozi ni leo!" mkewe akadakia. "Ikifika saa kumi hajapewa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Tumeuza mpaka mashine yake ya kushonea viatu."

Ilikuwa saa tisa. Mama Takwimu akalifungua faili: amefariki. Angeweza kuisingizia kompyuta; husingiziwa kila siku na haijawahi kulalamika. Ila kosa la kompyuta huundiwa kamati, na kamati ni wiki mbili. Kosa la mtu hufutwa palepale, na mwenye kosa hufutwa baadaye. Akapanda ngazi kwa mkuu wa kitengo.

"Bosi, fundi viatu nimemuua mimi. Huwa nawaandika mapema."

"Wangapi?"

"Wote."

Mkuu akaifungua orodha, akaisoma mwaka baada ya mwaka. "Katika hawa wa nyuma, yupo aliyetoka hai?"

"Hakuna."

Mkuu akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu mno. "Turekebishe. Niandike nini sasa?"

"Andika yuko hai."

"Hiyo haimo kwenye orodha."

Wakaandika "amehamishwa". Kutoka wapi, hakuna aliyeuliza. Saa kumi kasoro dakika tano fundi akatundikiwa dripu yake.

Mama Takwimu hakufukuzwa, maana hakupatikana mwingine wa kuitaka kazi ile. Fundi aliishi miezi kumi na mmoja, akamshonea viatu jozi mbili kwa mkono, vyote vikimbana kidogo, naye alivivaa hivyohivyo.

Siku hizi visanduku vya wagonjwa wapya huviacha wazi. Kila asubuhi kompyuta humwandikia kwa wino mwekundu kwamba matokeo hayajajazwa.

"Ngoja," huijibu.

Mke wa fundi alipokuja dirishani peke yake, Mama Takwimu alilifungua faili la kitanda cha nne, akaweka kidole juu ya neno aliloliandika miaka yote ile bila kuangalia, na mkono ukakataa.