Doa la Dari na Michembe Yangu

Nimekosa, jamani, wala sitafuti pa kujificha. Nilimnyima jirani yangu maji kwa kosa nililolifanya mwenyewe! Jina langu silitaji, ingawa nusu ya Runzewe wanalijua.

Nina duka la nafaka kwenye fremu za Baba Kulwa. Jengo la kisasa: bati limefichwa nyuma ya ukuta, na mfereji wa maji ya mvua uko huko huko juu, kwa chini huuoni. Jirani yangu ni Mama Neema wa saluni. Tanki lake la kuoshea wateja nywele lilikaa juu, usawa wa ukuta unaotutenganisha.

Basi likatokea doa kwenye dari yangu. Kahawia, upana wa sahani, linadondosha maji kwenye mchele!

Mimi kila kitu nahesabu mara mbili. Chenji, magunia, hata salamu. Lile doa nililitazama mara moja tu, nikatoa hukumu.

"Ni tanki la huyu mama," nikamwambia Baba Kulwa. "Liondoke kabla hatujaanza kufuga kambale humu."

Mama Neema akaja juu. "Jumamosi nina bibi harusi na wapambe wake! Nitawaosha kwa mate?"

Nikabana palepale, kama ninavyobana bei. Tanki likateremshwa. Mwenzangu akawa anahangaika na madumu kutoka kisimani, wateja wanahama, nami nimekaa kibarazani natazama. Roho gani ile!

Ijumaa mvua ikanyesha. Doa likawa kama beseni.

Mama Neema akasimama mlangoni kwangu na dumu lake. "Jirani, tanki langu liko uani, kavu. Huku kwako yanavuja machozi yangu?"

Watu wakacheka. Nikapanda ngazi kwa hasira, nikatafute bomba lake lililosahaulika.

Juu nikakuta mfereji umefurika. Nikaingiza mkono kwenye tundu la kutolea maji, nikavuta. Michembe! Viazi vitamu vya kukausha, alivyoniletea dada yangu kutoka Didia. Vilifika na unyevu, nikavianika juu ya bati lile kimyakimya: mbuzi hawafiki, na uwanja ni wa bure. Siku ya kuanua niliona vimepungua, nikawalaani kunguru. Kumbe upepo ulivisukumia mferejini, vikalowa, vikavimba, vikaziba tundu!

"Umeona nini?" Baba Kulwa akauliza kutoka chini.

"Majani tu, mzee."

"Majani gani hayo unayatia mfukoni?" Mama Neema akadakia.

Mayu wee! Nilishuka mifuko yote miwili imevimba, maji yanachuruzika hadi kwenye viatu.

Mama Neema akachomoa kipande mfukoni mwangu, akakinusa. "Kimelainika vizuri. Bado kupikwa na karanga tu."

Jumamosi alfajiri tanki lilikuwa juu, na aliyelijaza ni mimi, dumu kwa dumu. Bibi harusi alipofika, maji yalikuwepo. Na dari zote mbili, yangu na ya saluni, nimezipaka rangi mimi. Mama Neema kanisamehe, ila wingu likitanda tu, sauti yatoka saluni: "Jirani, umeanua?"

Ndugu msomaji, ukiona doa kwenye dari, kwanza uliza linakua lini: siku za mvua au hata za jua? Halafu panda ukaangalie mwenyewe kabla hujamtaja mtu. Na siku ya kupanda, vaa suruali isiyo na mifuko.