Walimcheka Baba Mbele ya Jeneza

Jamani, mmeshawahi kuona watu wazima wakilicheka jeneza?

Mimi nimeona. Na aliyekuwa anatembea mbele ya hilo jeneza ni baba yangu mzazi.

Sisi ni wazishi, watu wa kuzika kwa malipo, hapa Accrington, Uingereza, tangu enzi za babu. Gari la maiti likitoka, baba, mzee Wilfred, hulitangulia kwa miguu, na kofia yake ndefu nyeusi na fimbo. Njiani watu husimama. Wanaume huvua kofia. Ndiyo heshima yenyewe hiyo.

Basi mwaka ule wa sabini na nne, televisheni ikaleta kipindi cha vichekesho kuhusu wazishi. Mmoja humo, mlevi mlevi hivi, kila mara humwambia dereva wake: "Polepole kijana, mteja wetu hana haraka!"

Watu wakacheka. Mimi damu ikanichemka, maana hayo maneno ni ya baba! Humwambia dereva wetu uani, geti likiwa limefungwa.

Ikafika siku ya kumzika Bwana Haworth. Tunapita kituo cha basi, kijana mmoja akapaza sauti: "Polepole mzee, mteja hana haraka!"

Foleni nzima kwa kwa kwa!

Mjane alikuwa kwenye gari la nyuma, kando yangu. Akanishika mkono. "Edna mwanangu, wanamcheka mume wangu?"

 Baba hata hakugeuka. Lakini tuliporudi aliitundika ile kofia msumarini akasema, "Sitembei tena."

Weee! Nilipandwa na mori. Nikadandia treni mpaka Manchester, nikamkuta mtunzi wa kile kipindi kwenye kantini ya kituo cha televisheni, anakula pai.

"We mshenzi! Nani kakuuzia maneno ya baba yangu?"

Akaweka uma chini. "Dada, sikuuziwa. Kamuulize mzee mwenyewe."

Nikarudi nikamkabili baba jikoni. Akakoroga chai yake.

"Nilimpa mimi. Kule baa, maisha yangu yote, nikikaa watu wanahama meza. Eti mikono yangu inanuka maiti. Yule mtunzi alikaa, Edna. Akaniuliza kazi yangu ikoje. Tukacheka mpaka wakatufukuza. Sikujua atakwenda kuyasema."

 Hasira haikuisha, ilihama tu. Wale wa kituo cha basi nawajua. Tumewazikia mama zao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumnunulia baba bia!

Kipindi chenyewe kilifutwa baada ya wiki chache. Mtunzi hakuonekana tena baa.

Ile kofia haikushuka msumarini mpaka nilipoivaa mimi, kumtangulia baba mwenyewe kwenda kaburini.

Njia nzima walivua kofia. Wanafiki wakubwa!

Nawaambieni, aliye ndani ya sanduku haoni kichwa chako kikiwa wazi. Mkimkuta mzishi amekaa peke yake, vuteni kiti mkae naye akiwa bado anacheka.