Risasi za Kupakwa Shaba Katika Ibada ya Akina Mama

Nianze kwa kukiri, maana najua wengi wenu mmeshaisikia vipande vipande na kila kipande kimetiwa chumvi njiani: ndiyo, ni mimi yule mama Mtanzania niliyewalaza chini akina mama wa Kikongo wapatao arobaini, Jumamosi saa tisa mchana, katikati ya ibada, kule Berea, kwenye kanisa lao la ghorofa ya kwanza, na ndiyo, mmoja wa waliolala ni mama yake Espoir, kijana anayetaka kumuoa binti yangu Lindiwe. Haya, chekeni kwanza mmalize, halafu niwasimulie ilivyokuwa.

Yote yalianzia kwa mume wangu, na msidhani nasema hivyo kwa sababu hayupo hapa kujitetea (akiwepo nasema vilevile). Baba Lindiwe ni mzaliwa wa hapahapa Jozi, Johannesburg hii, alikimbilia kwetu enzi za ukimbizi wa siasa, tukaonana Morogoro nilipokuwa najifunza kushona, akanioa, nchi yao ilipofunguka akanileta huku. Sasa amestaafu. Wastaafu wengine wanafuga kuku. Wangu kila mwisho wa wiki anakwenda kiwanjani na wazee wenzake kutoboa karatasi kwa bastola, ana leseni zake zote, na risasi anazijaza mwenyewe gerejini kwetu Malvern, kwa kimashine fulani cha mkono, huku amevaa miwani miwili kwa pamoja.

Jumamosi ile mguu ulikuwa umemvimba hata kiatu hakiingii, na mashindano ya klabu yao yalikuwa wiki inayofuata, akaniomba nimpitie duka la silaha nimchukulie vichwa. Risasi nzima, alinifundisha, ina ganda, ina baruti, halafu mbele ina kichwa, hicho kinachoruka. Baruti dukani hawampi mtu asiye na leseni, ila vichwa vitupu ni vyuma tu, anaweza kununua yeyote. Na vichwa navyo havifanani. Kuna vya risasi tupu (Kiswahili chetu hakikujisumbua, kitu chenyewe ni risasi na madini yaliyomo ndani nayo ni risasi), hivyo vinatoa moshi na kuchafua mtutu. Kuna vyenye koti nene la shaba, hivyo ni vya wenye nazo. Na kuna vilivyopakwa shaba nyembamba juu, ndivyo anavyovitaka yeye, kwa sababu havichafui na yeye hupiga polepole, hana haraka na karatasi.

"Mama Lindiwe, usije ukaniletea zenye koti," alisema, mguu juu ya stuli. "Geuza utazame kitako. Yenye koti kitako kiko wazi, unaona risasi nyeusi. Ya kupakwa imefunikwa mpaka chini."

Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, nimeshona makoti Jules Street miaka zaidi ya ishirini, hakuna wa kunifundisha koti linaishia wapi.

Ndipo kiburi kilipoingia, jamani. Kwa sababu saa nane na nusu nilitakiwa niwe Berea, Mama Espoir amenialika kwenye ibada ya akina mama wa kanisa lao, nitambulishwe rasmi kabla familia yake haijaja kwetu kujitambulisha, nami badala ya kuchukua kitu niondoke, nikasimama pale kaunta nikigeuza vitako vya risasi kama mnunuzi wa nyanya. Muuzaji, mzee mwenye ndevu nyeupe na kaptula, aliona mama mwenye kilemba anakataa sinia la kwanza ("Hizi zina koti, baba, tazama, ziko wazi huku nyuma"), akaita wenzake waje wanione. Nikazidi. Nikakwaruza kwa ukucha, nikauliza shaba ina unene gani, nikauliza kama haiharibiki ikibanwa sana kwenye ganda, swali ambalo nilimsikia Baba Lindiwe akiliuliza kwenye simu na sikujua maana yake. Mzee akanijibu kwa heshima kabisa kwamba ndiyo, zisibanwe sana, ngozi itachanika. Nikaitikia kwa kichwa kama ninayejua. Mwisho nikachagua boksi kubwa, kilo nne na kitu.

Mzee akanitolea mfuko wa duka. Mfuko ulikuwa na picha ya bastola, kubwa, pande zote mbili. Sasa nawaulizeni ninyi, mngeingia nao kanisani? Mbele ya mkwe? Nikaukataa, nikalitia boksi kwenye begi langu la kitenge nililolishona mwenyewe wiki hiyo kwa ajili ya siku hiyohiyo, ili wale akina mama waone kazi ya mkono wangu. Begi la kubebea Biblia na mwavuli. Uamuzi mdogo, wa busara, wa mtu mwenye haya, na ndio ulioniua.

Muda wa kurudi Malvern haukuwepo. Nikaenda moja kwa moja, na robot, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, zote siku hiyo zilikuwa nyekundu.

Nilipofika Lindiwe alishaketi safu ya mbele, ananikunjia uso kwa kuchelewa. Mwanangu huyu Kiswahili anakisikia chote lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kizulu, na tangu ampate Espoir amejifunza na Kiswahili cha kwao Espoir, cha Uvira kule Kongo, kukisikia tu, kukisema bado. Mama Espoir akanishika mkono akanipandisha jukwaani, jukwaa la mbao lenye uwazi chini, akanipa kipaza sauti. Mama mnene, mpole, msusi, vidole vyake vinanukia mafuta ya nywele. Nilimpenda palepale, na nilitaka anipende, nasema ukweli, nilitaka kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka ule, kwa sababu Lindiwe hajawahi kumleta mtu nyumbani, huyu ndiye wa kwanza.

"Bamama, uyu ni mama ya Lindiwe," akasema. "Mama, utuambie, unatokea fasi gani?"

Nami kwa sauti ya kujivuna: "Mimi natoka Masasi."

Kwa wasiojua, Masasi ni mji wa kwetu, mkoa wa Mtwara. Na kwa wasiojua jingine, kama mimi siku ile, Wakongo wa kule mashariki wakisema masasi wanamaanisha risasi, milio ya bunduki, vita yenyewe. Nina wateja wa Kikongo miaka mingi, lakini kwenye cherehani tunazungumza viuno na mikono, hakuna anayekuja kupimwa gauni akakutajia hayo.

"Pole, mama," akasema Mama Espoir taratibu.

Nikadhani ananipa pole ya umbali. "Asante, tumeshazoea."

"Mulikaa mu masasi miaka ngapi?"

"Ishirini na miwili! Nimezaliwa Masasi, nimesoma Masasi. Mama yangu mpaka leo yuko Masasi, tumembembeleza atoke, hataki."

Mama mmoja safu ya pili akaanza kulia. Nikaguswa, nikasema moyoni hawa watu wana upendo namna gani. Nikaona niwachangamshe. "Msilie, jamani! Watu wanapasema vibaya bure. Masasi kuzuri, jioni kunapoa, korosho tele. Lindiwe na Espoir wakishaoana nitawapeleka Masasi. Wajukuu zetu wakulie Masasi!"

Uso wa Mama Espoir ulibadilika kama mtu aliyemeza mwiba. Lindiwe naye alikuwa ameshaelewa, akaanza kunipungia mikono yote miwili, juu chini, juu chini, nyamaza Ma, nyamaza, nami (akili yangu ilikuwa wapi, Mungu ndiye ajuaye) nikafahamu ananiambia sauti haifiki nyuma. Basi nikakisogeza kipaza sauti mdomoni, nikainua mkono wenye begi kuonyesha upande wa kwetu, nikapiga kelele:

"MASASI! MASASI!"

Na mshono ukaachia. Mshono wangu mwenyewe, wa mashine yangu mwenyewe. Boksi likatoka kwa chini likapiga ubao wa jukwaa, PA!, kipaza sauti kikaudaka mlio na spika zote nne zikaurudia.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Hakuna aliyepiga yowe. Hakuna aliyekimbilia mlangoni. Ndani ya pumzi moja akina mama wote walikuwa chini, kifudifudi, kimya, wenye watoto wamewafunika kwa miili yao, viti havikuanguka hata kimoja. Mama Espoir alikuwa chini karibu na miguu yangu, mkono wake umenishika kifundo cha mguu, ananivuta. Waliobaki wima ukumbi mzima ni wawili, mimi na binti yangu. Na kwenye kimya kile vichwa vya shaba vikaanza kubingirika, vinang'aa, vinashuka jukwaani kimoja kimoja, ti, ti, ti, vinakwenda kusimama mbele ya pua za watu.

Nikaona lazima niseme neno la kutuliza. Nikasema, bado kwenye kipaza sauti, "Msiogope, ni vichwa tu."

Haikusaidia. Nikaongeza kwamba havina baruti, ni vya mume wangu, anavyo vingi nyumbani, hivi vimepakwa shaba tu, havina hata koti. Kila neno nililoongeza lilizidi kutuzamisha, mimi na Lindiwe wangu.

Mama Espoir akainuka, akajifuta vumbi magotini, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu bila kunitazama. Akasema amina. Akasema, "Bamama, turudie ku nyumba." Hakunigombeza, wala hakuna aliyenigombeza, wengine hata waliniaga, na bora wangenitukana. Tulibaki wawili na Lindiwe tunatambaa chini ya viti tukiokota vile vichwa, yeye machozi yanamtiririka, hasemi hata kwa Kizulu, mpaka mwisho ndipo akasema, "Haibo, Ma," yaani jamani mama, basi.

Baba Lindiwe alipohadithiwa alicheka kwanza, mguu wake mbovu ukatikisika na stuli. Nilipofika pale walipolala chini akaacha. "Eish, Mama Lindiwe," akasema, "niende mimi nikaombe radhi?" Nikamwambia uende wewe mwenye bastola ukamwombe nani. Jumapili Espoir akampigia Lindiwe: mama anasema ile safari ya kuja kwenu ingoje kwanza. Ingoje mpaka lini, hakusema. Lindiwe akajifungia chumbani, nami nikakaa kwenye kitanda changu nikajiona mjinga na mkatili kwa pamoja, kwa sababu wale watu walikimbia kitu kimoja tu duniani wakaja kukaa mji huu, na mimi nimekwenda kuwamwagia kitu hichohicho kwenye nyumba ya maombi, tena nikakisifia na korosho.

Jumatano nimeinama kwenye cherehani pale Jules Street, naona kivuli mlangoni. Mama Espoir. Ameshika kopo la jamu, ndani mna vile vichwa vilivyotuponyoka chini ya jukwaa. Nikasimama, nikaanza hotuba niliyoiandaa siku nne, kwamba Masasi ni mji, una soko, una makanisa, akanikatiza.

"Najua. Espoir alinionesha mu simu. Nilicheka peke yangu ku kitanda, mutoto akazania niko mugonjwa." Kisha akakaa kwenye stuli ya wateja, kopo mapajani, wala hakuwa anacheka tena. "Mukwe, siku ile tulilala chini bote. Hakuna mutu alituambia tulale, ni mwili yenyewe. Minavuta muguu yako ulale, wewe hapana. Nikainua macho, nakuona umesimama tu, begi mu mukono, unatuangalia kama mutu anatafuta nini imeanguka. Na Lindiwe pia, vilevile. Hamujue hata kulala."

Nikasema nisamehe.

"Sikiliza. Nilienda ku nyumba na hasira. Siku tatu niko na hasira. Nyuma nikajiuliza, bajukuu yangu, minataka bakomalie kwa nani? Bajifunze kulala kwangu?" Kukomalia kwao ni kukulia. Akatikisa kichwa. "Bakomalie kwenu. Tunakuja siku ya posho."

Mimi niliyekuwa na maneno ya kuombea radhi kwa lugha tatu, nilichoweza kumuuliza ni kama chai yake anatia sukari. Wakaja kweli hiyo Jumamosi, ndiyo posho yao, mashindano Baba Lindiwe akayakosa (bastola alikuwa ameifungia kabatini tangu Ijumaa, funguo akampa jirani), na harusi tumeshaifanya.

Basi somo mnalijua. Duka lile sikanyagi tena, anayetaka vya kupakwa akavipake mwenyewe, na mtu akiniuliza kwetu wapi nasema Mtwara, akitaka kujua zaidi namuuliza yeye kwao wapi. Ibadani Berea bado nakwenda, wamenizoea. Mwezi uliopita kinanda kilidondoka jukwaani, pa!, wote wakashuka, na mimi kwa aibu ya siku zote nikajikuta napiga magoti nami nilale. Mama Espoir, yeye yuko chini tayari, akanisukuma goti kwa kiganja.

"Simama, mukwe," akaninong'oneza. "Wewe simama."