Nta ya Hekaluni

Fundi baiskeli wa nyuma ya hekalu, hapa kwetu kando ya mto Mekong, hatumii mafuta kwenye cheni. "Mafuta yanaokota vumbi kama jirani yangu anavyookota umbea," husema, na jirani mwenyewe, muuza supu, humjibu kwa kugonga sufuria. Fundi huyeyusha vipande vya mishumaa anavyopewa na watawa, akaichovya cheni humo mpaka mapovu yakome, kisha akaitundika msumarini. Ikipoa hukakamaa kama fimbo. Hapo huikunja pingili moja moja kwa vidole vinavyong'aa nta, amefumba macho, utadhani anasikiliza pumzi za mtoto aliyelala. Cheni ikinong'ona hata kidogo, haitoki kwake.

Jana Mama Bouavanh alileta baiskeli ya marehemu mumewe, ambayo sasa anaiendesha mwanawe, pamoja na mishumaa iliyobaki msibani. "Inyamazishe, kaka. Kila jioni ikilia pale njiani nainuka kupakua wali, nikidhani mzee karudi." Fundi hakutania. Alichovya, akakunja, akaifunga, akazungusha pedali. Gurudumu likazunguka kimya kama moshi wa ubani. Mama Bouavanh akainuka hata hivyo, mkono ukitafuta kikapu cha wali kilichobaki nyumbani.

Muuza supu akaacha kukoroga. Fundi akazungusha tena, akatega sikio. "Kaa, dada," akasema. "Bado inalia kidogo." Wakakaa karibu karibu, wakaisikiliza wote wawili mpaka iliposimama.