Mabegi Sita Kwenye Foleni ya Burito

Kwa kuwa wengi wenu mmeshaiona ile video, ya mwanamume wa makamo aliyeinua mikono juu mbele ya mbwa wa polisi huku miguuni mwake kuna hotipoti, afadhali mnisikie mwenyewe. Ndiyo, ni mimi. Na hotipoti ni ya mke wangu, ambaye bado anaidai.

Zuhura wa Morogoro mnamfahamu. Nilipokuja huku ughaibuni kusoma tulipanga nyumba moja, yeye akiosha vyombo hotelini, mimi nikisoma falsafa na kula chakula chake. Baada ya miaka kumi na moja ya kukata vitunguu kwenye migahawa ya Kimeksiko, ile inayouza burito (chapati pana, nyembamba, iliyofungiwa wali, maharage na nyama), hatimaye walimpa umeneja wa tawi jipya kule Gaithersburg, lakini kwa majaribio. Wakubwa wangekuja siku ya ufunguzi na mpiga picha, na kitu cha kwanza ambacho wangetazama ni foleni.

"Kaka, nikikosa foleni wananirudisha kwenye vitunguu," aliniambia, na hakuwa anatania.

Foleni kwa kampuni ile ni kama dini. Zuhura alinipa kijitabu cha historia yao nikakisoma chote (ndiyo ubaya wa kusomeshwa), nacho kinasema mwanzilishi, ambaye Meksiko aliijua kwa likizo tu, alianza na dirisha moja kando ya kituo cha mafuta, siku tatu hakuna aliyenunua, siku ya nne akawapanga shangazi na binamu zake pale dirishani wajifanye wateja, na madereva wakaanza kusimama waone kuna nini. Tangu hapo, kila tawi likifunguliwa watu hamsini wa kwanza hula bure, na msidhani ni ukarimu, ni ili foleni ionekane barabarani. Nilipofunga kijitabu nikajisemea kwamba binamu hata mimi ninao, nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba Jumamosi dada yetu hataaibika.

Saa tatu asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Saa nne kasoro tulikuwa wanane, na wawili kati yetu walikuwa wanaulizia benki. Nikampigia Njoroge, nesi wetu Mkenya, aliyekuwa anawaleta wenzetu kwa van kutoka Oxon Hill.

"Prof, tuko njia, tumeshikwa na jam. Tuwekee place!"

Sasa, kwetu kumwekea mtu nafasi si maneno matupu. Aliyewahi kupanga foleni hospitali ya wilaya anajua: unaweka kandambili, kopo, hata jiwe, na jiwe lile linaheshimiwa kama mtu mwenye kadi. Nikaenda kwenye gari nikatoa nilichonacho, begi la mazoezi (lisilojua mazoezi), mkoba wa kompyuta, sanduku la magurudumu la safari ya Dar, mabegi mawili ya nguo za msaada, na mfuko mkubwa aliokuwa amenifungia mke wangu. Nikavipanga nyuma yangu, hatua moja moja.

"Hawa ni wenzangu," nikamwambia mzee wa Kizungu aliyefuata. Akalitazama sanduku, akanitazama mimi.

Kisha nikabanwa na mkojo, nikavuka barabara kwenda kituo cha mafuta.

Niliporudi, kulikuwa na utepe wa njano, magari matatu ya polisi, na watu wote wamesukumwa mwisho wa maegesho. Nilikuwa nimeacha mabegi sita yasiyo na mwenyewe, tena hapa, mwendo mfupi kutoka Ikulu yao! Zuhura alikuwa amesimama na wakubwa wawili, sare mpya, kofia mkononi, na uso ambao sijauona tangu alipofiwa na mama yake.

Ningeweza kuondoka. Gari lilikuwa karibu. Lakini nilimwona akijaribu kueleza kitu na hakuna anayemsikiliza, nikauendea utepe.

"Ni yangu!" nikapaza sauti. "Ni watu! Yaani, yanawakilisha watu!"

Ndipo wakaniambia niinue mikono. Mbwa alipita kwenye begi moja moja, akafika kwenye ule mfuko, akaketi, akagoma kuondoka. Wakaufungua taratibu mbele ya kamera: hotipoti yenye chapati ishirini na maharage ya nazi, kwa sababu mke wangu hakuamini kama huko tungeshiba.

"Umekuja kwetu na chakula chako?" mkubwa mmoja akauliza.

Van ikafika wakati huohuo. Watu wanane wakashuka, wakaona polisi, saba wakapanda tena. Njoroge peke yake akanipungia mkono: "Prof! Place zetu ziko wapi?"

Nikawaambia wakubwa kwamba Zuhura hakujua lolote, na kwamba nimefanya alichofanya mwanzilishi wao, ila binamu zangu wamechelewa. Hawakucheka. Mlango ulifunguliwa saa saba, na kufikia hapo utepe ulikuwa umevuta watu zaidi ya mia, lakini walikuja kutazama mbwa. Majaribio ya Zuhura yakaongezwa miezi mitatu, naye akaacha kupokea simu zangu.

Basi nikaamua. Kila Jumamosi ya miezi ile mitatu nilikwenda, nikapanga foleni kwa miguu yangu, mikono mitupu, simu mfukoni, nikala burito hadi tumbo likaniuliza kosa lake. Pale mlangoni kulikuwa na tangazo jipya la kukataza kuacha mzigo kwenye foleni, na nasikia sasa liko matawi yote. Huo ndio mchango wangu katika historia ya kampuni.

Wiki baada ya wiki Zuhura alinihudumia kama mgeni. Jumamosi ya kwanza baada ya kupata barua ya kuthibitishwa kazini, aliinua macho.

"Kaka, uko na wenzako?"

"Niko peke yangu."

"Na ukae hivyohivyo," akasema, akaniongezea nyama.