Kitambaa cha Kijani

Mama wa maabara yetu hapa Kisumu kazi yake ni kupima nguvu za bati kwa kulivuta kwenye mashine mpaka likatike. Kwanza hulivuta kwa urefu kidogo tu, kisha hulitoa, akalikata upya na kulivuta kwa upana, maana bati la mlango wa gari hukunjwa huku na kule kabla halijawa mlango. Katikati ya mivuto hiyo miwili hulilaza juu ya kitambaa cha kijani, hupapasa kingo zake kwa kidole gumba, halafu huyo, anaenda kuchemsha chai. Ukimharakisha anakujibu bila kugeuka, "Wacha lipumue kwanza. Limetoka kuvutwa." Likikatika mapema huliambia pole, na hatanii.

Jumatatu niliyorudi kutoka kumzika baba kule Maseno, mkubwa wetu, Bwana Opondo, alikuja mlangoni na faili ya kazi mpya, akiniita kabla sijaketi. Yule mama alikuwa na kipande mkononi. Alikiweka kando, akatandika kile kitambaa cha kijani mezani mbele yangu, akaweka juu yake kikombe cha chai, kisha akaenda kusimama mlangoni.

"Bwana Opondo," alisema, "wacha apumue kwanza."